Kwa Nini Sultani wa Zinjifari Aliitwa Mla-Mwisho

Walisimulia waliotutangulia, na Mungu ndiye mjuzi, kwamba mji wa Zinjifari ulitawaliwa na Sultani Nabhani bin Sarhani, kijana mzuri wa sura na mshika mila, na mila yenyewe ilikuwa hii: ole wake atiaye tonge kinywani kabla Sultani hajala.

Ukaja mwaka wa njaa, ghala zikakauka, na jumbani likabaki sinia moja la shaba lenye jini, nalo hutoa pilau ya mbuzi kila siku, lakini Sultani akishaonja tu, basi, mpaka kesho. Mbeba sinia alikuwa Mize, binti wa mpishi. Siku moja akamkuta mlangoni mama mjamzito ameanguka kwa njaa, na huruma ikamshinda, akamlisha tonge. Lahaula! Alipochota pakajaa. Akalisha wa pili, pakajaa, akalisha watu mia, mpaka askari wakamkamata, mikono bado ina mafuta, wakamfikisha mbele ya Sultani pamoja na sinia.

Waziri akasema, "Seyidina, sheria ni shingo."

Mize akapiga magoti, maana alikuwa hataki kufa. "Bwana wangu, uniue ukitaka, ila muulize kwanza jini wako."

Jini akachomoza kichwa kwenye pilau, punje za wali masharubuni. "Miaka mia tatu hakuna aliyeniuliza! Nimefungwa nipike mpaka mwenye mji ale. Akila yeye, mimi nalala. Ninyi ndio mnaonilaza mapema."

Sultani akaona haya, na pilau inanukia, na tumbo halina kitu tangu jana. "Basi watu wale kwanza. Mimi nitangoja."

Waziri akacheka. "Wenzio huitwa Simba wa Nchi na Upanga wa Dini. Wewe utaitwa Mla-Mwisho, jina la wapishi?"

"Ndilo hilo. Lichongwe kwenye muhuri, na utalichonga wewe."

Wakala watu toka asubuhi, na kila mara Sultani akiuliza, "Kuna aliyebaki?" Mize hujibu, "Wapo, bwana wangu." Magharibi akajibu, "Nimebaki mimi."

"Basi kula."

"Mpishi hula mwisho, bwana wangu."

"Jina hilo sasa ni langu, Mize. Usininyang'anye."

Mize akala, huku anacheka na machozi yanamtoka, na Sultani akamtazama tonge kwa tonge, akasahau njaa yake. Ijumaa wakaoana, na waziri mwenyewe akagawa pilau. Wahenga husema mkubwa ni jaa. Watu wa Zinjifari huongeza, na ale mwisho.