Boneti ya Skolastika

"Boneti si nzito, mkono ni mmoja." Ndivyo alivyosema mama yenu asubuhi, nanyi mkacheka. Mmezoea methali zenye simba, mchwa na jembe, mkashangaa gari limeingiaje humo. Siwalaumu. Methali nazo huzaliwa, na hii ilizaliwa hapa hapa Ihangala, siku ya kikao cha maziwa, watu wazima wakiwa wamesimama wanaangalia. Chanzo chake ni hiki. Vuteni hilo beseni la viazi tuendelee kumenya, maana mdomo hauzuii kisu.

Skolastika Mlowe alikuwa mjane. Mumewe alimwachia mtoto mmoja, Onesmo, na pikapu moja ya bluu. Wakati huo hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeshika usukani katika vilima vyetu, na ndugu wa mume walikaa wakisubiri aliuze gari. Hakuliuza. Alijifunza kuliendesha, akalikwaruza kwenye kingo za barabara zote za mashamba ya chai, hadi mwisho wakaelewana. Chama cha wafugaji kikampa kazi ya kukusanya maziwa kila alfajiri na kuyafikisha kituoni kwenye tangi la kupozea.

Aliipenda kazi ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Akipiga honi bondeni, akina mama walitoka na madumu yao, wakamsaidia kupakia, na kila mmoja alimpa habari za nyumbani kwake. Skolastika alijua nani ameposwa, nani amejifungua na ng'ombe wa nani amegoma kukamuliwa, kabla hata balozi wa nyumba kumi hajajua.

Ila gari lile lilikuwa na kiu. Mlima wetu mnaujua, na rejeta yake ilikuwa ya zamani. Kila likifika kileleni, penye chemchemi, ilibidi lisimame, lipoe, linyweshwe maji ndipo literemke upande wa pili. Na huwezi kulinywesha gari bila kufungua boneti. Boneti ile ilishikiliwa na fimbo ya chuma. Mkono mmoja unainua boneti na kuishikilia juu, mkono wa pili unaitafuta fimbo, unaisimamisha na kuichomeka kwenye tundu lake. Mwenye mikono yake miwili hufanya hivyo huku akizungumza na watu, wala hajui kama amefanya kazi.

Msimu mmoja wa baridi Skolastika aliteleza kwenye nyasi zenye barafu ya asubuhi, akaangukia bega la kushoto. Hospitali walimtibu vizuri, mfupa ukaunga, lakini mkono ule ulikataa kupanda juu ya kifua. Gia aliweza kubadili. Usukani aliweza kuzungusha. Kilichomshinda kilikuwa kimoja tu, nacho ni boneti.

Siku za mwanzo alitumia akili ya wanawake wa huku, yaani kichwa. Aliinua boneti kwa mkono wa kulia, akaingiza kichwa chini yake, akaibeba kama ndoo ya maji, halafu mkono uliobaki huru ukaanza kupapasa fimbo. Alikuwa na ngata yake kabisa, ya kipande cha kitenge, kwa ajili ya boneti. Ukipita kileleni asubuhi ungeona mwanamke aliyemezwa na gari hadi mabegani. Madereva wa malori ya mbao walimpigia honi za utani, naye akawajibu kutoka humo ndani kwa maneno ambayo sitayarudia mbele yenu.

Asubuhi moja upepo ulivuma kabla fimbo haijakaa sawasawa kwenye tundu. Boneti ikamwangukia mgongoni. Hakuumia sana, lakini alibaki amebanwa, miguu nje, kichwa ndani, mpaka wapita njia wakamtoa. Maziwa yalichelewa, yakachacha, kituo kikayakataa. Jua halijatua, kijiji kizima kilikuwa na habari, na habari yenyewe ilisema kwamba boneti imekuwa nzito kwa Mama Onesmo.

Kesho yake mwenyekiti wa chama, Mzee Kastoli Ngole, alifika nyumbani kwake. Alikuwa mtu mwema, dereva wa malori aliyestaafu, na watu wema wakija na habari mbaya huwa wanakohoa sana.

"Kamwene, Mama Onesmo."

"Kamwene, Mwenyekiti. Karibu ukae."

Akakaa, akakohoa. "Mama, tumezungumza sisi wazee. Hakuna anayekusema vibaya. Lakini boneti ile ni nzito, na bega lako ndilo hilo. Mwachie Onesmo usukani. Wewe pumzika, ule jasho la mwanao."

"Onesmo ni seremala, Mwenyekiti. Hayataki maziwa."

"Atazoea."

"Na mimi nitazoea nini?"

Mzee Kastoli akakohoa tena. Mwishowe alisema kwamba wanachama wataamua kwenye kikao cha Jumamosi, palepale kituoni. Kama Mama Onesmo ataweza kulifungua na kulinywesha gari lake peke yake mbele ya watu, bila kuingiza kichwa, kazi itabaki kuwa yake. Akishindwa, Onesmo ataanza Jumatatu.

Mwenyekiti alipoondoka, Skolastika alikaa jikoni akalia. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Alijiona ameketi barazani asubuhi, anasikia honi ya gari lake mwenyewe ikipita bondeni, na akina mama wanampa mtu mwingine habari zao. Lakini katikati ya kilio jambo moja lilimkera. Kila siku alikuwa akiinua boneti ile kwa mkono mmoja. Sasa uzito wanaousema uko wapi?

Siku mbili kabla ya kikao, Padre alikuja kwa jirani yao kumpelekea mgonjwa sakramenti. Skolastika alikuwa pale ameshika mlango wa nyumba. Akamwona Padre anafungua mlango wa nyuma wa gari lake, ule unaofungukia juu. Aliuinua kidogo tu. Mlango ukapanda wenyewe, ukasimama, naye akainama chini yake kutoa mkoba wake bila hata kuutazama.

"Padre," akasema Skolastika, "mlango huu unashikwa na nani?"

Padre akacheka, akamwonyesha vyuma viwili vyembamba, kimoja kila upande, vinavyofanana na pampu ya baiskeli. "Hizi ni shokapu. Ndani mna gesi iliyobanwa. Wewe unaanza kuinua, zenyewe zinamalizia, halafu zinashikilia."

Skolastika akaufunga ule mlango. Akaufungua. Akaufunga tena. Padre alimsubiri kwa subira ya daraja lake takatifu, mpaka ikabidi amkumbushe kwamba ndani kuna mgonjwa.

Mchana uleule alikuwa gereji kwa Fundi Longino, pamoja na Onesmo.

"Fundi, nataka mikono miwili."

"Ya nini, Mama?"

"Ya boneti. Ile inayokaa kwenye milango ya nyuma."

Longino alikuwa hajawahi kufanya kitu kama hicho, na kwa sababu hiyo alikubali mara moja. Tatizo lake lilikuwa kwamba aliamini chuma kikubwa ndicho usalama. Uani kwake kulikuwa na mzoga wa gari kubwa la watalii, akang'oa shokapu za mlango wake wa nyuma, nene kama mihogo, akachomelea vishikizo na kuzifunga. Kisha akaachia boneti. Ikaruka juu kwa kishindo, nusura imchukue kidevu.

"Umeona?" akasema kwa fahari. "Hiyo haitakuangukia mpaka siku ya kiyama."

Kweli haikuanguka. Lakini haikufunga pia. Longino akaisukuma chini, ikamrudisha juu. Onesmo akaongeza mikono yake, ikawarudisha wote wawili. Mwishowe fundi akapanda juu ya bampa, akaikalia kwa makalio yake yote, na bati likaanza kujipinda katikati.

"Shuka!" akapiga kelele Skolastika. "Shuka, Longino, unaniharibia gari! Umeniwekea mikono ya mpiganaji. Mimi nimeomba ya mlezi."

Onesmo alicheka mpaka akakaa chini. Longino naye, baada ya kununa kidogo, akacheka, akalinyoosha bati na kuanza upya. Safari hii alitafuta shokapu za gari dogo, akazijaribu kwa kuzibana kwa mkono, akahamisha vishikizo, akafunga, akafungua, akahamisha tena. Jioni ilipofika, boneti ilipanda taratibu kama mtu anayeamka vizuri, ikasimama. Ukiivuta chini ilikubali, ukiibana ilifunga. Skolastika aliijaribu mwenyewe kwa mkono wa kulia mpaka akaridhika.

"Fimbo niiache ndani, kwa tahadhari?" akauliza Longino.

"Itoe," akasema Skolastika. "Nikiiona nitaitafuta."

Jumamosi watu walijaa uwanja wa kituo cha maziwa. Wengine walikuja kwa ajili ya chama, wengine kwa ajili ya kutazama, na msiniulize mimi nilikuwa upande gani. Skolastika alifika na gari lake bado lina joto la mlima. Alishuka na dumu la maji, akaliweka chini. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa chake kizuri cha kanisani.

"Haya, Mama," akasema Mzee Kastoli. "Taratibu. Ukishindwa sema, hakuna aibu."

Skolastika akaachia ndoano, akaingiza vidole vya mkono wa kulia, akainua. Kisha akaondoa mkono, akageuka, akainama kuchukua dumu.

Hapo ndipo ilipotokea. Mzee Kastoli alikuwa ameendesha malori maisha yake yote. Alichokiona yeye ni boneti iko juu, fimbo hakuna, na mama wa watu yuko chini yake. Mwili wake haukungoja akili. Aliruka, kofia ikaanguka, akaikamata boneti kwa mikono yote miwili na kuinua kwa nguvu zake zote.

"Toka, Mama! Toka! Nimeishika!"

Skolastika akamtazama. "Mwenyekiti, iachie."

"Nikiiachia itakuponda!"

"Iachie tu, baba."

"Fimbo iko wapi? Leteni fimbo, jamani!"

Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama, na jasho linamtoka kwa kushikilia kitu ambacho hakikuwa kinakwenda popote. Longino alikuwa ameziba mdomo kwa kofia yake. Skolastika akafungua kifuniko cha rejeta kwa tambara, polepole kama inavyotakiwa, akamimina maji mpaka yakajaa, akafunga, huku mwenyekiti bado amesimama pembeni yake na mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

"Sasa ondoa mkono mmoja," akamwambia.

Akauondoa, macho ameyakaza. Boneti ikatulia.

"Na wa pili."

Mzee Kastoli akauachia wa pili, kidole kwa kidole, akarudi nyuma haraka. Boneti ilibaki pale juu. Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko, na yeye mwenyewe, Mungu amrehemu, akacheka kuliko wote. Akasogea kuzitazama zile shokapu, akazigusa kwa kidole.

"Kumbe ni hivi tu," akasema. "Nasi tulikuwa tunasema boneti nzito."

Skolastika hakucheka. Furaha yake ilikuwa kubwa, lakini alikuwa na neno, na alitaka walisikie wote. "Boneti si nzito, Mwenyekiti. Mkono ulikuwa mmoja. Nyinyi wenye miwili hamjui hata kwamba mnaitumia yote. Mlikuja kunipa pole, mkaja kunipa mapumziko. Hakuna aliyeniuliza napungukiwa nini."

Mzee Kastoli akaokota kofia yake, akaikung'uta, hakuivaa. "Tumekosa, Mama," akasema. "Maziwa ya Jumatatu yanakungoja." Skolastika akaishusha boneti kwa mkono wake mmoja, akaibana ikafunga, ndipo machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

Hayo yangeweza kubaki kichekesho cha kijiji tu. Lakini mwaka uliofuata palikuwa na kijana mmoja, Zabroni Msigwa, aliyefiwa na mkewe akaachiwa mapacha wanaonyonya. Maziwa yake yakaanza kufika barabarani gari limeshapita, siku nyingine hayakufika kabisa. Kwenye kikao watu wakanung'unika kwamba kijana amekuwa mvivu, ng'ombe wamemshinda, afadhali nafasi yake apewe mwingine. Waliendelea hivyo mpaka Mzee Kastoli akainuka kutoka kiti chake cha mwenyekiti.

"Jamani," akasema, "ng'ombe wa Zabroni ni walewale aliokuwa akiwakamua juzi, tukamsifu. Watoto wanalia saa ileile ya kukamua. Nani atakwenda kuwabeba?"

Kisha mama mmoja akasema nyumba yake iko jirani, atakwenda. Mwingine akasema atapokezana naye. Asubuhi yake Skolastika alipopiga honi pale bondeni, Zabroni alikuwa barabarani na dumu lake limejaa, na kikao hakikumjadili tena.

Lakini siku ile ya kikao, kabla hajakaa, Mzee Kastoli alimalizia kwa kuwatazama wanachama wake mmoja mmoja, wale waliokuwa wamenung'unika zaidi, akawaambia maneno ambayo tangu hapo hatujayaacha:

"Boneti si nzito. Mkono ni mmoja."