Kwa Nini Pango la Irangwi Hujibu Hodi kwa Hodi

Shauri Kuu la Mlima Irangwi Kuhusu Kigoda, Mgeni, na Mahali Mgeni Atakapoanza Kukaa. Hilo ndilo jina alilolitangaza mpiga mbiu, akalirudia mara tatu kama ilivyotakiwa. Mara ya tatu alimsahau mgeni, ikabidi aanze upya.

Ninyi mliopanda leo kuja kutazama pango na korongo, viatu vyenu vikiwa vyeupe kwa vumbi la chokaa, mnaweza kudhani mlima huu ulizaliwa na matundu yake. Sivyo. Zama hizo Irangwi ulikuwa mzima kama yai. Baridi ya kileleni ilikuwa hii hii ya kuwafanya watu waongee meno yakigongana, lakini hapakuwa na pango, wala hapakuwa na korongo. Mto Mseu ulitoka juu, ukateremka mchana kweupe mbele ya macho ya watu, na kila aliyetaka kujua uko wapi aliutazama tu.

Kila msimu wa kipupwe watu wa tambarare walipanda kufuata mawe meupe ya kusaga, maana hakuna harusi wala jando lililokamilika huko chini bila kupakana chokaa ya Irangwi. Walifika wamechoka, na kwa hiyo mlima ulikuwa na cheo maalumu kwa ajili yao: Mpokea Wageni. Mgeni alipiga hodi uani kwake, yeye akajibu karibu, mgeni akakaa kwenye kigoda, akanywa maji, akatoa habari za alikotoka. Baada ya hapo alikuwa huru kwenda popote.

Cheo hicho kilikuwa cha Mrindoko, kama kilivyokuwa cha baba yake na babu yake. Kilikuwa na kigoda cha mninga cha miguu mitatu, na heshima moja ambayo Mrindoko aliipenda kuliko kigoda: Mpokea Wageni hakupiga hodi kwa mtu yeyote. Alipofika mlangoni kwa watu alikohoa tu, akafunguliwa. Katika maisha yake yote hakuwahi kulitamka neno hodi. Alilijibu tu.

Ng'ambo ya mto aliishi Nakijwa, mjane wa mdogo wake. Nakijwa hakuwa na cheo chochote. Alikuwa na jiko, na alikuwa na kicheko. Kicheko chenyewe hakikuwa kikubwa, ila kilikuwa na namna ya kuanza chini, kikasita kidogo kana kwamba kinaomba ruhusa, kisha kikafunguka chote. Wageni waliokisikia wakiwa bado njiani walinyoosha shingo. Basi ikaanza kutokea kwamba mgeni wa kwanza anapita kwanza kwa Nakijwa, kisha wa pili, kisha msafara mzima, na wanapomfikia Mrindoko wamekwisha kunywa, wamekwisha kula, na habari zao zote zimekwisha kusikilizwa na mtu mwingine.

“Maji, mgeni?” Mrindoko aliuliza.

“Ahsante, mzee, tumekunywa kwa yule mama.”

“Hata kidogo?”

“Tumbo limejaa, mzee. Labda tukae tu.”

Wakakaa tu. Mrindoko aliwatazama wakicheza na vidole vyao kwenye kigoda cha babu yake, na moyoni akahisi kitu kama punje ya pilipili iliyokwama kooni, haishuki wala haitoki. Alianza kuujua moshi wa jiko la Nakijwa kwa rangi yake. Aliweza kusema, bila kuinuka, leo anapika kunde, leo anakaanga ndizi. Kicheko kilipovuka mto alihesabu pumzi mpaka kikaisha, kisha akakaa akisubiri kianze tena, kwa sababu kilipokuwa kimya kilimuuma zaidi: alidhani wanamsema.

Siku moja alivuka kwenda kujionea. Alifika uani, akakohoa.

“Nani huyo mwenye kifua?” Nakijwa aliita kutoka jikoni. “Aa, kumbe ni shemeji! Pita, shemeji. Nikuchemshie mchaichai, au kikohozi ni kile cha kazini?”

Wageni wanane wakacheka. Mrindoko aligeuka akarudi zake, na kesho yake akapeleka shauri barazani.

Baraza la wazee wa Irangwi lilitunza kumbukumbu zake kwa kamba: kila uamuzi fundo moja, kila ahirisho mafundo mawili, kwa kuwa ahirisho lilihitaji kufikiriwa zaidi. Shauri la kigoda lilikaa vikao saba na kuifanya kamba iwe ndefu kiasi cha kufungia ng'ombe. Mwenyekiti, Mzee Sengasu, alikuwa mtu asiyependa kumuudhi yeyote, hivyo aliamua jambo ambalo aliona halina mwenyewe: mgeni atapokelewa kwanza katika nyumba ile ambayo Mto Mseu unaifikia kwanza ukitoka kileleni. Wajumbe wote walisifu. Hakuna aliyekuwa ametazama mto unapita wapi kwanza.

Ikaundwa kamati ya kwenda kuutazama. Kamati ilifuata maji kutoka kileleni, ikazunguka kwenye kona kubwa, ikajikuta uani kwa Nakijwa, ikakaribishwa, ikala, na haikufika kwa Mrindoko hadi siku ya pili.

“Mto umesema, ndugu yangu,” alisema Mzee Sengasu, akifunga fundo.

“Mto hausemi, mzee. Mto unapelekwa.”

“Basi siku utakapopita kwako kwanza, mgeni ni wako. Sheria haina ugomvi na mtu.”

Mzee Sengasu alidhani amesema neno la kumfariji. Mrindoko alikwenda nyumbani akachukua jembe.

Hapa yafaa mjue kwamba watu wa Irangwi walikuwa mafundi wa mifereji. Mtoto aliyeanza kutembea alijua kuyaongoza maji kwa kisigino. Na fundi yeyote alijua katazo moja, ambalo halikuhitaji kufungwa kwenye kamba: mfereji haupitishwi juu ya mwamba mweupe. Mwamba mweupe unakunywa. Unakunywa polepole, kwa adabu, na hautoi dalili kwamba umeshiba. Mrindoko alilijua hilo kuliko wengi. Lakini njia pekee ya kuutoa Mseu juu ya ile kona na kuuleta kwake kabla haujafika kwa Nakijwa ilikatiza katikati ya mwamba mweupe, hatua mia mbili.

Alijiambia kwamba yeye hapitishi mto, anapitisha mfereji tu. Akatandika magome ya migomba, akashindilia udongo wa mfinyanzi, akafungua maji. Na yalifika! Yalimfikia yeye kwanza, membamba, yenye vumbi, lakini kwanza. Kamati ikaja, ikatazama, ikafunga fundo.

Msafara uliofuata ulielekezwa kwa Mrindoko kwa mujibu wa uamuzi. Wakapiga hodi. Akajibu karibu kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia kwa miaka miwili. Wakakaa, wakanywa, akawauliza habari za njiani, wakamjibu vizuri. Kisha kijana mmoja akafuta mdomo na kusema:

“Sasa mzee, yule mama anayecheka anakaa upande gani? Maana tumeagizwa tusirudi bila kumsalimia.”

Punje ya pilipili ikageuka kaa la moto. Mrindoko aliona wazi kwamba kuwa wa kwanza hakutoshi. Ilibidi asiwepo wa pili. Nakijwa akikosa maji hatapika, asipopika hawatakwenda, wasipokwenda atacheka na nani? Siku ile ile alipanda hadi kwenye kona, akaanza kupanua mdomo wa mfereji. Alichimba siku tatu. Siku ya tatu alisukuma jiwe la mwisho, na Mto Mseu wote, pamoja na samaki wake na kelele zake, ukaiacha njia yake ya tangu enzi ukaingia mferejini.

Ng'ambo, Nakijwa aliona maji yakipungua kwenye vifundo vya miguu yake akiwa anaosha sufuria. Alipanda juu mbio, sufuria mkononi.

“Shemeji, huo ni mwamba mweupe!”

“Nimetandika magome.”

“Magome kwa mto mzima? Shemeji, ukitaka wageni si ungeniambia? Ningekuletea. Ningekuja kucheka kwako!”

Mrindoko alisimama, jembe limeinuliwa. Jambo hilo halikuwa limempitia kichwani hata mara moja. Alitaka kujibu, na pengine angejibu vizuri, lakini chini ya miguu yao mwamba ulitoa sauti ya mtu anayemeza.

Magome yalikwenda kwanza. Kisha udongo, kisha hatua mia mbili za mwamba zikafunguka katikati kama mkate, na mto ukaingia ndani. Haukumwagika, uliingia, kama mtu anayeingia kwake. Waliusikia ukiteremka tumboni mwa mlima, ukigonga kuta, ukichimba vyumba na kuvunja kuta za vyumba. Halafu, mbali sana chini, ubavu mzima wa Irangwi ukaporomoka kuelekea tambarare, vumbi jeupe likapanda hadi kileleni. Lilipotua, pale palipokuwa na mteremko wa mashamba palikuwa na korongo, kuta zake zimesimama wima, na chini kabisa maji ya Mseu yanatokea mwambani, baridi, meupe kama maziwa.

Hakuna aliyekufa, jambo ambalo baraza lilijipongeza kwalo. Lakini juu ya mlima hapakubaki tone. Watu walifunga mizigo wakateremka kuyafuata maji, Nakijwa mbele, vyungu kichwani. Alijenga pale pale mto unapotokea, kwenye mdomo wa pango, na kabla hajaezeka vizuri wageni walikwisha kumfikia, maana sasa njia yao ilikuwa fupi kwa nusu.

Mrindoko hakuteremka nao. Aliona aibu kuifuata njia ya watu. Alichukua kigoda chake akaingia shimoni, akisema ataurudisha mto kabla baraza halijakaa. Alitembea ndani ya mlima akifuata sauti ya maji, akipapasa kuta zenye unyevu, akipita chini ya mawe yanayoning'inia kama viwele vya ng'ombe. Alipita ukumbi baada ya ukumbi, na hakuna hata mmoja uliokuwa na mtu wa kupokewa.

Mwishowe alisikia, nyuma ya ukuta wa mwamba, kicheko. Kilianza chini, kikasita, kikafunguka. Kulikuwa na sauti za wageni pia, na mgongano wa bakuli. Mrindoko alisimama kwenye giza lile akakohoa.

Hakuna aliyemfungulia. Kikohozi ndani ya pango ni kelele tu kama kelele nyingine. Maji pia hukohoa. Akakohoa tena. Akaweka kigoda chini, akakaa, akainuka. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akafungua kinywa akasema:

“Hodi!”

Kicheko kilikatika papo hapo. “Karibu, shemeji!” Nakijwa aliita. “Karibu, pita! Uko wapi?”

Lakini mlango haukuwepo. Alikwenda kulia akasema hodi, akaenda kushoto akasema hodi, na Nakijwa akamjibu kila mara, hadi sauti ikawa inatoka pande zote kwa pamoja. Wanaume waliingia na mienge, wakarudi bila kitu. Nakijwa alitoa kigoda chake mwenyewe akakiweka ndani ya mdomo wa pango, pale maji yanapodondoka, ili siku shemeji yake atakapoipata njia akute mahali pa kukaa. Kimegeuka jiwe, mtakiona upande wenu wa kushoto. Tafadhali msikikalie.

Hivyo ndivyo ilivyobaki mpaka leo ninyi mmekuja. Mto Mseu unaingia juu na kutokea chini, na hakuna anayejua unafanya nini katikati. Na anayeingia pangoni hupiga hodi kwanza, akangoja. Pango halitajibu karibu. Litajibu hodi, kwa sauti ya chini kidogo kuliko yake, kwa sababu aliyemo ndani naye ni mgeni. Hapo ni wajibu wa aliyefika kusema, “Karibu,” kama Nakijwa alivyosema. Ndipo pango nalo hurudisha karibu. Wengine wanasema Mrindoko anashukuru. Wengine wanasema amerudi kazini.

Baraza lilikaa kikao cha nane huko korongoni na kufunga fundo la mwisho, ambalo husomwa hivi: Mto Mseu ulihama kwa hiari yake, baada ya taratibu zote kufuatwa.

Kilichotokea ni kwamba Mrindoko alimwonea wivu shemeji yake, akachimba mfereji juu ya mwamba mweupe.