Makopo Mawili ya Shangazi Byera

"Vanila ya hofu haina harufu." Nimesema, nanyi mmeuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Bukoba, na aliyeianzisha mnamwamkia kila mkipita pale chama cha wakulima.

Kokushubira alikuwa na hamu ya shule moja kubwa ya biashara Dar es Salaam. Maombi yalipokelewa mara mbili kwa mwaka, Septemba na Januari, na ukikataliwa huruhusiwi kuomba tena mpaka miaka mitatu ipite. Wenzake wakamtia kiwewe: "Omba sasa! Januari ni makombo." Fomu iliuliza ameongoza nini na kimezaa nini. Naye ndiyo kwanza amewakusanya akina mama kumi na mmoja wauze vanila yao pamoja, na mavuno ni Desemba! Basi akajaza "tutauza", "tutapata", ukurasa mzima. Akampelekea Shangazi Byera, dada wa baba yake aliyemlea.

Shangazi alisoma, akaingia ndani, akatoka na makopo mawili ya vanila.

"Nusa hili."

"Mh! Nyasi kavu."

"Na hili?"

Koku akanusa, akatabasamu bila kutaka.

"Lile la kwanza ni la mwaka wa wezi," Shangazi akasema. "Niliogopa wataniibia, nikachuma changa. Wezi hawakuja, na mnunuzi hakununua."

"Lakini Shangazi, nafasi zikiisha?"

"Zikiisha utalia, nami nitakupikia ndizi. Ila usichume kwa hofu, mwanangu."

Msidhani ilikuwa rahisi. Septemba wenzake walipeleka fomu, yeye akabaki anatafuna kucha. Desemba vanila ikapiga umanjano, wakachuma, mnunuzi akachukua yote. Januari Koku akaandika "tuliuza", na majina ya akina mama wote kumi na mmoja.

Kwenye usaili wakamwuliza mbona hakuomba Septemba. Akajibu, "Vanila ya hofu haina harufu." Wakacheka, kisha wakamtaka aeleze.

Barua ya kukubaliwa ilipofika, alikimbia kwa Shangazi, akapiga magoti, akalia. "Asante, Shangazi. Asante kwa kunizuia."

Shangazi akamwambia achague kopo la kusafiri nalo. Koku akachukua lile la nyasi kavu. Alipomaliza shule akarudi nalo Bukoba; hadi leo liko mezani kwake pale chamani, na kijana akija na haraka zake, humfungulia anuse.

Vanila ya hofu, wajukuu zangu, haina harufu.