Shauri la Mbuzi Mmoja, Aliyeazimwa au Iliyoazimwa, Asirudishwe au Isirudishwe

Kisa, jamani!

*Kije, kama kina kibali!*

Kibali kinacho, muhuri bado.

*Basi kipite, tutakigonga huko mbele!*

Hapo kale, kale ambayo hata faili zake zimeliwa na panya, palikuwa na mji uitwao Minazini. Ulikuwa mji wa wanyama walioendelea sana. Walikuwa na Mwenyekiti, Kiboko, aliyesinzia vikaoni kwa niaba ya wananchi wote. Walikuwa na Karani, Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja ili ule mwingine usichoke kabla ya kustaafu.

Na walikuwa na Mhanga.

Tuseme ukweli, hawakujua kama wanaye. Mhanga alitoka bara, mwaka ule mchwa walipokwisha na vichuguu vikabaki maganda matupu. Alikuja na pua yake ndefu, masikio yake ya punda na makucha yake ya jembe. Akapata kazi. Kazi gani? Kuchimba. Mwenye jembe miguuni atapewa ukarani?

Kila asubuhi vibarua walijipanga njia panda, na Ngiri, msimamizi wa mashimo, akawachagua kwa kidole. "Wewe, wewe, na wewe Pua. Wengine kesho, Mungu akipenda." Siku nyingine Mungu alipenda. Siku nyingine Ngiri alichelewa kuamka.

Basi Mhanga akachimba. Akachimba nyumba za watu, akachimba visima vya watu, akachimba mitaro ya watu. Jioni akarudi kwenye kibanda chake pembeni mwa mji, akala alichopata, akaimba peke yake:

*Nachimba, nachimba,*
*mji mzima nachimba;*
*wanaolala ni wengi,*
*anijuaye ni nani?*

Sasa sikilizeni. Siku moja Korongo alisimama sokoni akasoma tangazo. Kichwa chake kilikuwa "Kuhusu Kutambuliwa kwa Viumbe Visivyotambulika". Kila kibarua mgeni, lilisema, asimamiwe na mwenyeji mmoja mbele ya Baraza kabla ya masika. Mwenyeji huyo ataulizwa maswali matatu. Anaitwa nani? Anaishi vipi? Ana kasoro gani?

"Kasoro za nini?" mtu akauliza.

"Asiyejua kasoro za mwenziwe hamjui," akasema Korongo. "Hilo tumelifanyia utafiti."

Na asiye na wa kumsemea? Huyo arudi alikotoka.

Mhanga akatetemeka hadi ncha ya pua. Alikotoka! Alikotoka kulibaki nini? Vumbi na vichuguu vitupu. Kurudi kule ni kwenda kufa kwa utaratibu.

Akaenda kwa Ngiri. Akamkuta amelala ndani ya shimo ambalo Mhanga mwenyewe alilichimba.

"Shikamoo, Bwana Ngiri. Naomba unisimamie barazani."

"Nikusimamie? Mbona nakusimamia kila siku!"

"Kazini ndiyo. Nataka useme unanijua."

Ngiri akajigeuza ubavu. "Kukusimamia ni kazi yangu. Kukujua hakumo kwenye makubaliano."

"Makubaliano yenyewe yako wapi, bwana?"

"Nayo hayamo. Makucha yako nayajua, Pua. Wewe sikujui."

Akaenda kwa Nungunungu, amebeba kumbikumbi wa kukaanga kwenye jani. Nungunungu akampokea kwa furaha. Yaani aliwapokea kumbikumbi.

"Fundi wangu huyo! Shimo ulilonichimbia, ah, sebule inapitisha upepo mpaka miiba inasimama! Unaitwa nani vile? Muhogo?"

"Mhanga, bwana."

"Ndiyo hiyo hiyo. Muhogo ni chakula cha heshima." Akamaliza kumbikumbi, akalamba jani. "Kukusemea ningekusemea. Lakini makucha yako nayajua, Muhogo. Wewe sikujui."

Mhanga akarudi akafikiri. Akasikia watu wa mji ule hujuana misibani, wakizikana. Basi bibi wa akina Kima alipofariki, Mhanga akawa wa kwanza kufika. Akachimba kaburi. Kaburi gani lile! Kuta zake zilinyooka, udongo wake ulilainika, hata waombolezaji wakalikodolea macho kwa wivu. "Hili, mtu angetamani kuingia mwenyewe," wakasema. Lakini hakuna aliyeingia, maana pilau ilikuwa tayari.

Mhanga akasogea kwenye sinia. Kima mmoja akamtazama.

"Samahani, ndugu. Wewe ni wa upande wa nani?"

Mhanga akatafuta upande wake, hakuuona. "Wa upande wa kaburi," akasema.

"Basi kaa upande huo."

Akakaa. Jioni akarudi nyumbani, akaimba wimbo wake:

*Nachimba, nachimba,*
*mji mzima nachimba;*
*wanaolala ni wengi,*
*anijuaye ni nani?*

Siku iliyofuata Ngiri hakuwa na ujira. "Ujira umeadimika," akasema, "ila nazi hazijaadimika." Akampa nazi moja, akamwambia ashukuru.

Mhanga alikuwa hajawahi kula nazi. Akaiuma, ikakataa. Akaikwaruza, ikamcheka. Akaibwaga ukutani, ukuta ukapata ufa na nazi ikarudi kwake kama mbwa aliyefundishwa.

Mara sauti ikatoka nyuma ya ua wa makuti.

"We jirani! Unapigana na nani humo?"

"Na nazi, bibi."

"Nani anashinda?"

"Nazi."

Aliyekuwa akisema ni Bi Kanga, mjane mwenye madoadoa na maneno. Madoadoa yalihesabika. Alikuwa mwenyeji wa Minazini tangu babu wa babu, na ua ule tu ndio uliowatenganisha.

"Tangu uhamie hapo hujaniomba hata chumvi," akasema Bi Kanga. "Nikasema huyu ana majivuno. Hata pua yenyewe!"

"Bibi, kwetu mgeni hasumbui majirani."

"Hasumbui! Sasa jirani asiyesumbuliwa atajuaje kama ana jirani? Nenda hapo barazani kwangu, uchukue mbuzi yangu ukune hiyo nazi. Ukimaliza rudisha."

Mhanga akashukuru, akazunguka ua. Na pale barazani alimkuta Mbuzi.

Msicheke kwanza. Mbuzi alikuwa mpangaji wa Bi Kanga, kibarua kama Mhanga, ndevu zake kidevuni, anacheua. Pembeni yake paliegemezwa kigoda kidogo cha kukunjika, chenye ulimi wa chuma wenye meno. Nyinyi mnajua kile ni nini. Mhanga hakujua. Huko kwao bara ngeli ni mambo ya watu wenye nafasi, na hata mbuzi mwenye ndevu huitwa "mbuzi yangu".

"Twende," Mhanga akamwambia Mbuzi. "Umeazimwa."

"Mimi?"

"Bi Kanga kasema nichukue mbuzi yake. Kuna nazi."

Mbuzi akamtazama Mhanga. Akakitazama kigoda. Akaelewa yote, maana hakuwa mjinga. Lakini alikuwa kibarua, na tangu lini kibarua akakataa mwaliko wenye chakula? "Twende," akasema. "Na hicho nacho kibebe. Ni cha ukoo wetu."

Wakaenda. Mbuzi akaipasua nazi kwa pembe, ta! Maji akayanywa yeye, kama malipo. Kisha akakunjua kile kigoda. "Kalia hapa, ukune."

Mhanga akakalia. Mnaujua uzito wa mhanga? Kigoda hakikuujua. *Kwacha!* Miguu huku, ulimi kule, Mhanga chali katikati.

Mbuzi akainama akakagua. "Ndugu yangu amefariki," akasema.

Wakavikusanya vipande, wakavificha nyuma ya mlango, wakavifunika gunia. Nazi wakaitafuna hivyo hivyo, na ilikuwa tamu, na kwa mara ya kwanza tangu ahame Mhanga alikula na mtu.

Asubuhi, hodi! Bi Kanga huyo.

"Jirani, nimefuata mbuzi yangu."

Mhanga akamsukuma Mbuzi mbele. "Hii hapa, bibi. Imekula vizuri."

Bi Kanga alicheka mpaka akashika kizingiti. "Siyo hii ya ndevu, we baba! Ile ya meno!"

"Hata hii inayo, bibi. Fungua mdomo, Mbuzi."

"Ya meno ya chuma!"

"Ah, ile!" Mhanga akausogelea mlango. "Ile bado tunaitumia. Kesho, bibi."

Mngedhani ataondoka. Akaingia. Akazunguka nyumba nzima, na nyumba nzima ilikuwa hatua chache. "Mkeka umetoboka. Mtungi hauna kifuniko. Na huo ndio moto, au unafukiza nyuki? Sogea." Akauwasha moto vizuri, akaenda zake akinung'unika.

Akaja mara ya pili. "Jirani, mbuzi yangu!" Na mkononi ana chungu cha kunde za nazi, ya kusagwa na kukamuliwa kwa taabu. "Nimekuletea ujionee mbuzi yangu ingefanya nini kama ingekuwa kwangu." Wakala wote watatu. Akauliza mama yake Mhanga ni nani, na kwao ni wapi, na mchwa waliishaje, na kwa nini anaimba wimbo mmoja tu.

"Kesho, bibi," akasema Mhanga. "Mbuzi utaipata kesho."

Akaja mara ya tatu. Akamkuta Mhanga ana homa, ametetemeka hadi gunia la kujifunika limeanguka. Akachemsha mchaichai, akamnywesha huku anamtukana. "Mtu mzima unaumwa kimya kimya kama jiwe! Una jirani wa nini? Kunywa. Na mbuzi yangu iko wapi?"

"Kesho, bibi."

Moyoni Mhanga aliungua kuliko homa. Baraza lilikuwa limekaribia, na mwenyeji pekee aliyemjua alikuwa ameshika kikombe mbele ya pua yake. Lakini utamwombaje akusemee mtu uliyemvunjia mbuzi ukamdanganya mara tatu? Akanywa dawa, akarudisha kikombe.

Mawingu ya masika yakajikusanya. Baraza likakaa. Kiboko akakaa, akasinzia. Korongo akasimama.

"Mhanga, kiumbe kisichotambulika! Nani anamsemea?"

Ngiri akaangalia mawingu. Nungunungu akamnong'oneza jirani yake, "Si Muhogo yule?" Akina Kima wakatafutana chawa kwa bidii ya ghafla.

Kiboko akafumbua jicho moja. "Basi na aondo..."

"Hodi! Hodi! Nina mashitaka!"

Bi Kanga huyo, amejifunga kibwebwe.

"Bibi, leo siyo siku ya mashitaka," akasema Korongo.

"Mbuzi yangu haina siku! Imeazimwa, haijarudishwa, na mimi nataka haki!"

Korongo akainua kalamu. Akaisimamisha hewani. "Mbuzi. Aliyeazimwa, au iliyoazimwa?"

Hapo, ndugu zangu, Baraza liliamka. Wazee wa upande huu wakasema mbuzi ni mbuzi, ana uhai wa kisarufi. Wazee wa upande ule wakasema kitu chenye miguu ya mbao hakiwezi kupewa heshima ya kiumbe. Mbuzi mwenyewe akaitwa, akaulizwa anajionaje. Akasema inategemea kama kuna chakula. Jua likapanda, jua likapinda, na hatimaye ikaamuliwa kwa wingi wa kura kwamba yaandikwe yote mawili.

"Na mshitakiwa?" akauliza Korongo, amechoka. Na kwa kuwa alikuwa karani, akauliza yale yale aliyozoea. "Anaitwa nani?"

"Mhanga huyo hapo! Mtoto wa Bi Sikudhani, wa kule vichuguu vilikokauka!"

"Anaishi vipi?"

"Vibaya! Mkeka umetoboka, moto hajui kuuwasha, kila jioni wimbo mmoja, mpaka nimeukariri!"

"Ana kasoro gani?"

"Tuna muda? Mwongo wa kesho, kesho. Anachimbia watu bure wanaomwita Pua. Akiumwa hasemi. Akipewa kikombe cha mchaichai anashukuru hadi unajuta kumpa. Na hajui kuomba! Mtu gani huyu asiyejua kuomba? Nimemaliza? Sijamaliza!"

Lakini Korongo alikuwa ameshusha mguu wake wa pili chini, jambo ambalo halijawahi kuonekana Minazini.

"Mwenyekiti," akasema, "tumepata tatizo. Maswali matatu yamejibiwa."

"Na nani?"

"Na mwenyeji."

"Si amekuja kumshitaki!"

"Kanuni haisemi mwenyeji asiwe na hasira."

Kiboko akafikiri, na kufikiri kwake kulisikika. "Basi anatambulika," akasema. "Na kwa kuwa ni mbaya kiasi hicho, hana ruhusa ya kutoka mji huu mpaka arudishe mbuzi." Akagonga meza, akalala.

Mhanga akabaki Minazini. Mbuzi mwenye ndevu naye akabaki, maana hakuna aliyekuwa na hakika kama siye anayedaiwa. Asubuhi ya pili Bi Kanga alipiga hodi kudai haki yake, chungu mkononi, na ua wa makuti ukatobolewa tundu ili asiwe anazunguka.

Funzo, kwa wanaotaka la kuondoka nalo: ukifika ugenini, utawachimbia watu mpaka makucha yaishe, na watakachojua ni makucha. Gonga kwa jirani. Omba chumvi, omba moto, omba ungo. Atakayekuja kudai kitu chake ndiye atakayekujua.

Kisa changu nimekitua hapa. Mwenye haraka akibebe, mwenye njaa akakune nazi.

*Na ile mbuzi?*

Ilivunjika siku ya kwanza, na Bi Kanga aliviona vipande vyake asubuhi ile aliyoingia kuwasha moto.