Jembe la Mguu wa Kuku

“Jembe lenye alama lina kwao.” Mmemsikia fundi baiskeli akisema hivyo leo, alipopokea spana iliyovunjika na kutoa nyingine bila maneno, nanyi mnataka kujua jembe limeingiaje kwenye habari za spana. Basi tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika milima ya Ugweno, aliishi mhunzi aitwaye Mrindoko. Kila jembe alilofua alilipiga alama ya mistari mitatu, mfano wa mguu wa kuku, na akimkabidhi mnunuzi alimwambia, “Likivunjika kazini, lirudi nyumbani.” Hakutaja mwaka mmoja wala miwili. Mtu alizeeka na jembe lake, akamrithisha mwanawe, na bado jembe lilikuwa na haki ya kurudi.

Ukutani mwa kiwanda chake ilining’inia nyundo nzito ya mababu. Hiyo haikufua kitu. Ilikuwa ya kuapiza: mhunzi akiigonga kwenye chuma baridi na kulitaja kosa, watu waliamini mkosaji haponi, hata awe amejificha wapi. Wajeuri wa soko, ambao hawakumwamkia mtu, walipunguza sauti wakipita pale.

Bondeni aliishi Nakiete, aliyekuwa akilea watoto wa marehemu dada yake. Vuli ilipoanza alinunua jembe lenye mguu wa kuku kwa mchuuzi sokoni, maana kupanda mlima aliona mbali. Kona ya shamba hata haijaisha, jembe likakatika kama kigae. Ndani hakukuwa na chakula cha akiba, ila mbegu tu, na udongo wenye unyevu haumngoji mtu. Akafunga vipande kitambaani, akaukwea mlima.

Desturi ilikuwa mwenye kurudisha jembe aeleze mbele ya moto lilivyovunjika. Kudanganya chini ya nyundo ile hakuna aliyethubutu. Nakiete alifungua kitambaa, akaviweka vipande mbele ya moto.

“Limevunjika kwenye udongo, baba, wala si kwenye jiwe. Lakini sikulipokea mkononi mwako. Nililinunua sokoni.”

Mrindoko alikigonga kipande kwa ukucha, akasikiliza, kisha akampa mdogo wake, Kiangi, aliyekuwa akivuta mivukuto ya kupulizia moto.

“Kaka, hili si letu,” Kiangi alisema kwa hasira. “Chuma kimeungua, na huu mguu wa kuku umechorwa ovyo. Kuna mwizi anakula jina lako. Shusha nyundo, tummalize leo hii!”

Mzee aliinuka, akaishusha nyundo. Nakiete aliinama akaziba masikio. Alijuta kuja, maana aliona sasa jembe lake litaua mtu. Alingoja mlio wa chuma baridi, asiusikie. Alipoinua macho, nyundo ya mababu ilikuwa katikati ya makaa.

“Kaka! Umerukwa na akili?”

“Vuta,” Mrindoko alisema.

“Na mwizi je?”

“Nikimwapiza atakufa, na huyu binti atarudi shambani na nini? Mchanga wa mtoni tunaoyeyusha chuma hauchoteki mvua ikishaanza. Chuma kizuri kilichobaki humu ni hiki.”

“Lakini hatukulifua sisi!”

“Yeye angejuaje? Aliona mguu wa kuku, akaamini. Hakumwamini mchuuzi, aliniamini mimi. Vuta, Kiangi.”

Kiangi akavuta huku machozi yakimtoka. Nyundo iliyotisha milima ikaiva, ikalainika, ikapanuka chini ya nyundo ndogo ya kazi mpaka ikawa jembe. Nyundo ile Nakiete aliiogopa tangu utoto, lakini siku hiyo alimwogopa mwenye nyundo, na hofu yake ilikuwa tamu, akatamani watoto wangekuwapo waone.

Mrindoko akapiga alama. “Likivunjika kazini, lirudi nyumbani. Na wengine wenye majembe kama lile lako, waambie waje.”

Njia ya kurudi ilipita sokoni. Mchuuzi yule alikuwa ametandaza majembe yake. Alipoliona lile jipya, macho yalimtoka.

“Dada, hilo umelitoa wapi?”

“Kwa Mrindoko. Lako lilivunjika.”

Mchuuzi akarudi nyuma hatua moja. “Ameapiza?”

“Hawezi tena. Nyundo yenyewe ndiyo hii.” Nakiete akamwekea jembe mikononi. “Amesema majembe yako yakivunjika, tumpelekee yeye.”

Mchuuzi akaipapasa kwa kidole ile alama ya mguu wa kuku. Kisha akamrudishia, akapiga magoti, akakusanya majembe yake yote gunia zima. Akajitwika, akashika njia ya mlimani, wala hakuna aliyemtuma.

Watu wakashangaa. Soko ndiyo kwanza limejaa, mwenzao anapeleka wapi bidhaa yote ile?

“Mwacheni apite,” Nakiete aliwaambia. “Jembe lenye alama lina kwao.”