Pimbi na Kamati ya Filamu

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakitengeneza filamu, palikuwa na mashindano makubwa katika nchi ya ndege Korongo, ng'ambo ya bahari. Kila nchi ilipeleka filamu moja tu, na sharti iwe katika lugha ya kwao.

Kwetu, filamu hiyo ilichaguliwa na Kamati. Msicheke, wanangu, Kamati hiyo inanikera mpaka leo! Mwenyekiti alikuwa Kiboko, katibu Fisi, na mjumbe Ngiri. Walikutana ndani ya pango lenye ubaridi, wakatandika shuka jeupe ukutani, na picha zilipoanza tu, khorrr! khorrr! Wote usingizini. Wakiamka, wanachagua filamu yenye jina lililowapendeza.

Mwaka uliotangulia walipeleka filamu ya mpwa wa Kiboko. Humo wanyama wote walisema Kikorongo, eti wageni wafurahi! Korongo wakairudisha. "Kikorongo tunacho wenyewe," walisema. "Lugha yenu iko wapi?" Aibu gani ile!

Basi, ukaja ukame. Ilibaki chemchemi moja tu, na Kiboko akaizungushia ua wa miiba, akajilaza humo peke yake. Mama Kanga alikwenda na vifaranga wake kuomba maji, akafukuzwa. Kifaranga mmoja akafa kwa kiu pale pale nje ya ua.

Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini asiye na mkia, alikuwa juu ya jiwe na kamera yake. Alipiga picha za yote hayo. Filamu yake akaiita "Kiu ya Mama Kanga", akaipeleka pangoni.

"Hodi!"

"Nani? Pimbi?" aliuliza Fisi. "Filamu yako inahusu nini?"

"Inahusu kiu, mheshimiwa."

"Ptuu! Kiu ndiyo ya kuwaonyesha wageni? Na humo wanasema lugha gani?"

"Lugha yetu."

"Toka hapa! Mkia wenyewe huna, filamu utaitoa wapi?"

"Itazameni kidogo tu, waheshimiwa. Nawaomba."

"Hatuna nafasi!" alinguruma Kiboko, naye alikuwa amelala chali.

Pimbi alitoka kwa hasira. Kutazama tu! Hata kutazama wameshindwa! Alikaa juu ya jiwe lake akawaza, kisha akacheka peke yake. Akalifuta lile jina, akaandika jingine. Picha hakugusa hata moja.

Kesho yake akarudi. "Hodi, waheshimiwa! Nimeleta 'Kiboko, Bwana wa Maji'."

Kiboko aliinuka, puu! "Umesemaje?"

"Mwenyekiti umo humo, mwanzo hadi mwisho."

"Nimependeza?"

"Umeonekana vile vile ulivyo, mheshimiwa."

"Fisi! Zima taa!"

Taa zikazimwa. Picha zikaanza. Khorrr! khorrr! Walipoamka, shuka lilikuwa jeupe tena.

"Hii ndiyo yenyewe!" alisema Kiboko.

"Hii hii!" alisema Ngiri.

"Mimi nimelia machozi," alisema Fisi, akijifuta tongotongo.

Siku ya kuikabidhi, mjumbe wa Korongo alitua, na wanyama wote wakajaa pangoni.

"Mwenyekiti," aliuliza Korongo, "Kamati imeitazama?"

"Mara tatu!"

"Na mambo yaliyomo ni ya kweli?"

"Neno kwa neno! Naapa mbele ya hawa wote!"

Taa zikazimwa. Safari hii Kiboko hakulala, maana alitaka kujiona. Akajiona! Alikuwa ndani ya chemchemi, tumbo juu, na nje ya ua amesimama Mama Kanga.

"Bwana Kiboko, tone moja tu, mwanangu anakufa!"

"Akalambe umande!" alijibu Kiboko wa kwenye shuka.

Kilio kikasikika pangoni: Mama Kanga mwenyewe alikuwa ameketi pale mbele.

"Uongo!" alipiga kelele Kiboko. "Uzushi mtupu!"

"Si umeapa sasa hivi kwamba ni kweli?" aliuliza Korongo.

"Sikuitazama! Nililala!"

"Kumbe! Basi mwaka huu ulilala. Na miaka mingine yote?"

Ngiri alikuwa ameshatambaa hadi mlangoni. Fisi akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, mimi ni katibu tu."

Mama Kanga alisimama, akatoka. Wanyama wote wakamfuata mpaka chemchemini. Kwaru! kwaru! Ua uking'olewa, miiba ikiwachoma, hakuna aliyejali. Vifaranga wakaingia majini, chu, chu, chu, wakanywa.

Filamu ikaenda ng'ambo. Haikushinda, tuzo ilikwenda nchi ya Nyani. Korongo alirudi kumpa Pimbi habari, akamkuta chemchemini anakunywa maji.

"Lakini waliitazama?" aliuliza Pimbi.

"Mpaka mwisho."

"Basi," alisema Pimbi, akainama akaendelea kunywa.

Nami nawaambia, wanangu: kazi ya mwenzako itazame kwanza, ndipo useme haifai.