Mwanambuzi wa Mama Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifua nguo na kuanika kama sisi, Mama Fisi aliokota mwanambuzi yatima kichakani, akamlea. Akamwita Chiku.

Majirani wakawaka. "Fisi kulea mbuzi? Ananenepesha kitoweo huyo!"

Maneno yakafika kwa Bibi Tembo na Bwana Nyati, maofisa wa ustawi wa watoto. Asubuhi moja wakaja, puu! puu! puu!, na kikapu cha kumchukulia Chiku.

Kindi alikuwa juu ya mti akimenya karanga. Alipokiona kikapu, akajua wamemfuata Chiku. Zamani Kindi alipovunjika mguu, Mama Fisi ndiye aliyemkanda siku saba, wala hakuombwa.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba. Kwa Fisi ni wapi?"

"Nitawapeleka. Ila kwanza pitieni kwa mama mmoja hapa, msikie malezi mema yalivyo."

Akawapitisha njia ya nyuma, hadi penye ua wa mabua. "Hodi!"

"Karibuni! Subirini kidogo, namwogesha mtoto."

"Adabu ya huku," Kindi akanong'ona, "mtoto akiogeshwa, mgeni huupa mlango mgongo."

Wakageuka, wakatazama shamba.

Chubwi, chubwi! "Fumba macho mwanangu, sabuni isikuwashe." Kisha fuu, fuu, uji ukapulizwa. "Ngoja nionje, usije ukaungua. Haya, kunywa." Mtoto akacheka.

Bibi Tembo akapangusa chozi. "Andika, Nyati: mama huyu hana kasoro."

"Nimeandika. Angekuwa yule fisi, angeshamla!"

"Haya, karibuni ndani!"

Wakageuka. Lo! Mama Fisi, kijiko mkononi.

"Tumechezewa!" Nyati akanguruma, akainua kikapu. "Nafuta! Fisi ni fisi tu!"

Chiku akalia meee! akatimua mbio. Mnadhani alikwenda wapi? Alijificha katikati ya miguu ya Mama Fisi.

Bibi Tembo akamtazama mtoto. Akalitazama daftari.

"Utafuta lipi, Nyati? Lipi hukulisikia kwa masikio yako?"

Nyati akashusha kikapu.

"Na wewe Kindi, mjanja wee!"

"Mimi, Bibi? Nilisema mama mwenye malezi mema. Jina hamkuuliza."

Bibi Tembo akacheka, akaketi, akaomba uji. Mama Fisi akampulizia naye, fuu, fuu.

Basi wanangu, mjue mtu kwa matendo yake, si kwa sifa mbaya uliyopakwa ukoo wake.